Hukumu ya Arusha isiyo na askari: ni sheria au ni ombi tu? Swali kutoka Tanga

Chumbageni_Kwetu (mleta mada)

Assalaam aleikum wanajamvi, na habari za jioni kwa wote.

Tangu bomba la mafuta la kutoka Hoima lianze kuelekea Chongoleani, mabishano ya barazani hapa Tanga yamehama kutoka kwenye fidia yakaingia kwenye sheria yenyewe. Bomba ni kilomita 1,443, nchi mbili, mkataba wa serikali kwa serikali, kampuni za nje, na shauri lililofunguliwa Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha Novemba 2020. Hapo ndipo sauti zinapopanda. Kundi moja linasema kinachotoka Arusha si sheria: hakina polisi, hakina gereza, hakina hata dalali wa mahakama. Wanamtaja John Austin, mwanafalsafa wa sheria wa Kiingereza, kwamba sheria ni amri ya mwenye enzi yenye adhabu nyuma yake, na kwamba mambo ya kati ya mataifa aliyatupa kwenye fungu la maadili. Kundi la pili linasema tumeridhia wenyewe, na ahadi ni deni.

Maswali yangu ni matatu.

La kwanza: kama tunafungwa kwa sababu tuliahidi, nani aliahidi kwamba ahadi ni deni? Kanuni hiyo haiwezi kuwa ahadi nyingine, la sivyo tutapanda ngazi isiyo na mwisho.

La pili: kama dola inaweza kujitoa ikitaka, ilikuwa imefungwa na nini?

La tatu ni la vitendo. Mkazi wa Chongoleani, Mkinga au Pangani mwenye lalamiko dhidi ya uamuzi wa serikali, mlango upi wa nje ya nchi uko wazi kwake leo, una muda gani, na wapi watu hukwama?

Tafadhali msinijibu "inategemea".

---

Karani_wa_Masijala

Waaleikum salaam. Naanza na la tatu, kwa sababu ndilo linaloua kesi za watu.

Mlango wa kwanza ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki (EACJ). Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya (ulisainiwa 30 Novemba 1999, ukaanza kazi 7 Julai 2000) inamruhusu mtu yeyote aliye mkazi wa nchi mwanachama kupinga sheria, kanuni, agizo, uamuzi au kitendo cha nchi mwanachama kwa hoja kwamba kinakwenda kinyume cha Mkataba. Shika neno *mkazi*: haidaiwi uraia. Mjibu shauri ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Masijala kuu iko Arusha lakini ipo ndogo Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa Tanga ana pa kupeleka karatasi bila kupanda basi la Moshi. Karatasi zenyewe ni shauri lenye hoja, hati ya kiapo, na nakala ya uamuzi unaopingwa. Kwa Ibara ya 46 lugha ya Mahakama ni Kiingereza. Ndiyo, mahakama ya Waswahili, msinitazame mimi.

Sasa kisu kiko hapa: miezi miwili. Ibara ya 30(2) inahesabu tangu siku sheria ilipotungwa, uamuzi ulipotangazwa au kitendo kilipofanyika. Kama hayo hayapo, tangu siku mlalamikaji alipopata habari. Uamuzi uliotangazwa 10 Machi, mwisho wako ni 10 Mei. Hakuna nyongeza. Mwaka 2012, katika shauri la mateso ya Mlima Elgon huko Kenya, Divisheni ya Rufaa ilikataa hoja kwamba uvunjaji unaoendelea huifanya saa isianze kuhesabu, ikaufuta uamuzi wa awali uliokuwa umewapa walalamikaji nafasi.

Watu hukwama namna hii. Uamuzi unatoka. Wanamwandikia mkuu wa wilaya, wanasubiri. Wanamwandikia waziri, wanasubiri. Miezi mitano baada ya uamuzi wanakwenda Mahakama Kuu. Mwaka unapita ndipo mtu anawatajia Arusha. Wamefuata adabu yote ya kiutawala, na saa haikusimama hata dakika moja, kwa sababu mahakama hii haidai umalize kwanza njia za ndani ya nchi. Kutodai huko kunaonekana upole, kumbe ndio mtego: huwezi kujitetea kwamba ulichelewa kwa kuwa ulikuwa Mahakama Kuu.

Shauri la bomba lilikwenda kwa njia hiyohiyo. Lilifunguliwa Novemba 2020. Tarehe 29 Novemba 2023 Divisheni ya Awali ikalitupa kwa sababu ya muda, bila kufika kwenye hoja za mazingira. Makubaliano ya Tanzania na Uganda yalikuwa ya 2017, na kwa hesabu ya majaji saa ilianza huko, si siku mashine zilipoingia shambani. Kwa hiyo pinga karatasi ya kwanza. Usingoje tingatinga.

La pili la kuangalia ni maneno ya madai. Ibara ya 27(2) imeweka mamlaka ya haki za binadamu yangoje itifaki ya baadaye. Ukiandika "haki yangu ya kumiliki mali imevunjwa" ukaishia hapo, umeikabidhi serikali pingamizi la awali. Katika shauri la Katabazi la 2007 Mahakama ilisema haitaacha kazi yake ya kutafsiri Mkataba eti kwa sababu tu ndani ya lalamiko mna suala la haki za binadamu. Andika, basi, kwamba kitendo kinavunja Ibara ya 6(d) na 7(2), yaani misingi ya utawala bora na utawala wa sheria, kisha mateso yako yaingie kama ushahidi. Kama ni mazingira, zipo Ibara za 111 na 114. Ndizo zilizotumika katika shauri la Serengeti, ambako Juni 2014 Divisheni ya Awali ilizuia barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi.

Kiwango cha fidia ya shamba au nyumba si kesi ya Arusha. Hilo ni la sheria za ardhi za hapa.

Mlango wa pili, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo iko Arusha na watu huichanganya na ile ya Jumuiya. Mtu binafsi alikuwa akiingia kwa sababu Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi, kwa Ibara ya 34(6) ya Itifaki iliyoiunda mahakama hiyo, mwezi Machi 2010. Taarifa ya kuliondoa ilifika 21 Novemba 2019. Na hapa ndipo nalijibu swali lako la pili. Sisi wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, lakini tamko halikuondoka leo: liliendelea kufunga hadi 22 Novemba 2020. Itifaki haisemi lolote kuhusu kujitoa. Mwaka mmoja wa taarifa uliwekwa na Mahakama yenyewe mwaka 2016 katika shauri dhidi ya Rwanda. Mashauri yaliyokwishafunguliwa yakaendelea. Dola ilikuwa huru kutoka, lakini namna ya kutoka haikuwa yake kuamua.

Kilichobaki kwa mtu binafsi ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Banjul, Gambia, na Tume yenyewe inaweza kulipeleka jambo mbele ya Mahakama. Ila Ibara ya 56 ya Mkataba wa Afrika inataka umalize kwanza njia za nyumbani. Tazama mkanganyiko ulivyo: Arusha ya Jumuiya inataka uwahi, Banjul inataka usubiri. Anayetaka kuilinda milango yote miwili afungue Mahakama Kuu na EACJ ndani ya miezi miwili ileile, kila moja kwa hoja yake: Katiba huku, Mkataba kule. Mahakama Kuu kwa Ibara ya 30(3) ya Katiba, na tangu marekebisho ya 2020 lazima uoneshe kitendo kimekugusa wewe mwenyewe.

Mlango wa tatu, usuluhishi wa uwekezaji, ni wa mwekezaji wa nje. Mwenye shamba hana pa kuingilia.

---

Pangani_Mtoni

Karani, shukrani kwa tarehe. Lakini umeeleza njia ya kwenda, hukueleza ya kurudi. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alishinda Mahakama ya Afrika Juni 2013 kuhusu mgombea binafsi. Chaguzi za 2015 na 2020 zikapita, mgombea binafsi hakuna. Sasa hukumu ambayo aliyeshindwa anaiweka kabatini ina tofauti gani na barua ya maombi? Austin hajafa.

---

Robota_400

Ndugu Pangani, ukiipima sheria kwa askari utaikosa hata ile inayofanya kazi kila siku hapo bandarini.

Chukua mkonge unaotoka Tanga kwenda ng'ambo. Muuzaji na mnunuzi hawajuani, hawaaminiani, na wako chini ya dola mbili. Katikati yao inawekwa LC, barua ya benki inayoahidi malipo muuzaji akileta hati zilizotajwa. Karibu kila LC ina mstari unaosema inafuata UCP 600. Hizo ni ibara 39 zilizotungwa na Chemba ya Biashara ya Kimataifa iliyopo Paris, zikaanza kutumika 1 Julai 2007. Hakuna bunge lililozipigia kura, wala Bunge la Dodoma wala la Ufaransa. Ibara ya 1 inakiri yenyewe: zinafunga pale tu LC inaposema zinafunga.

Tazameni zinavyouma lakini. Robota la mkonge ni kilo 250, kwa hiyo tani 100 ni marobota 400. LC ikiandika "tani 100", Ibara ya 30 inakupa nafasi ya asilimia 5 juu au chini, mradi fedha zinazodaiwa zisipite kiasi cha LC. Ukipakia tani 97 unalipwa za tani 97. LC ikiandika "marobota 400", nafasi ile inafutika, kwa sababu sasa kinachohesabiwa ni vifungashio. Ukipakia 398, hati zako zina kasoro, hata kama mnunuzi anayo haja na mkonge huo kama mgonjwa na dawa. Neno moja kwenye karatasi limehamisha mzigo mzima wa hatari kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Daraja la mkonge ni vivyo hivyo. LC inasema 3L, karani wa ofisi ameandika UG kwenye ankara kwa mazoea. Benki inakataa. Huwezi kumwambia njoo uone mzigo ulivyo mzuri, maana kwa Ibara ya 5 benki inashughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Hati ziwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kupakia, na LC yenyewe iwe haijaisha muda. Benki nayo imefungwa: ina siku 5 za kazi za kibenki, ikikataa itoe taarifa moja inayotaja kila kasoro. Ikikosea utaratibu huo, Ibara ya 16 inainyima haki ya kusema hati zina kasoro. Hakuna jaji hapo. Benki inayozoea kukataa kwa hila inaanza kukosa benki wenzake wa kufanya nao kazi, na kwa benki hilo ni baya kuliko faini.

Najua mtasema: huo ni mkataba tu, nyuma yake iko sheria ya dola fulani. Mara mojamoja ndiyo, jambo likifika mahakamani. Lakini karani wa benki anayekagua hati hafungui kitabu cha sheria za Tanzania wala cha nchi ya mnunuzi. Anafungua UCP. Mwanafalsafa wa sheria Hart aliandika mwaka 1961 kwamba kinachoufanya mfumo uwe wa sheria ni kanuni ya utambuzi, ile ambayo maofisa wanaifuata kwa vitendo wanapoamua lipi ni sheria na lipi si sheria. Yeye alikuwa akiwaza majaji. Mimi naona karani wa benki ni ofisa wa mfumo wake sawasawa na jaji. Na kabla yake, Eugen Ehrlich, mwaka 1913, akiandika kutoka Bukovina, pembezoni mwa himaya ya Austria, alikwishasema kwamba sheria iliyo hai iko katika mahusiano ya watu kabla ya kufika kwenye vitabu vya serikali.

Ninachokubaliana nawe ni hiki: kufanya kazi si sawa na kuwa na haki. Kanuni hizi zilitungwa na watu wa benki kwa ajili ya watu wa benki. Mkulima mdogo wa mkonge wa Korogwe, ambaye bei yake inakatwa kwa sababu ya kasoro ya hati, hakuulizwa na hana pa kupiga kura ibara ya 30 ibadilishwe. Hapo ndipo falsafa inapostahili kutia nguvu, kuliko kwenye habari ya polisi.

---

Mwalimu_wa_Jioni

Nimechelewa mjadala, mnisamehe. Mleta mada, swali lako la kwanza ni zuri kuliko ulivyodhani, na nyote mmelikwepa.

Hans Kelsen, mwanafalsafa mwingine wa sheria, alipanda ngazi hiyohiyo unayoiogopa. Mkataba unafunga kwa nini? Kwa sababu desturi ya mataifa inasema mikataba itimizwe. Desturi inafunga kwa nini? Hapo akafika ukutani, akasema juu yake kuna kanuni mama ambayo hatuithibitishi, tunaichukua tu kama iliyopo ili tuweze kuongea lugha ya sheria. Wengi wameona huko ni kukwepa. Mimi naona alikuwa mkweli kuliko wanaosema "tumejifunga wenyewe", kwa sababu anayejifunga mwenyewe kwa kamba yake anaweza kujifungua usiku.

Jaribuni kuitazama kwa bao. Anayekaa kwenye bao hajaahidi kwamba kete zitapandwa mojamoja. Akizimwaga zote kwenye shimo moja hatuambiani "amevunja ahadi". Tunaambiana huyu hachezi bao. Dola ni hivyo. Haikuwa dola peke yake chumbani, kisha ikatoka nje kuahidi. Kuwa dola ni kukaa mahali kwenye ubao ambao wengine wanautambua, na kutimiza mikataba ni sehemu ya kukaa hapo. Kwa hiyo hakuna aliyeahidi kwamba ahadi ni deni. Pasipo deni, neno ahadi halina maana, na pasipo uwezo wa kuahidi hakuna dola, kuna watu wenye bunduki na bendera.

Sisi wa pwani hii tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mstari kati ya Mkinga na Vanga haukuchorwa na sheria ya Tanzania. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani ziligawana kuanzia mlango wa mto Umba kuelekea ziwa Jipe, Sultani wa Zanzibar akaachiwa ukanda wa maili 10 za pwani. Mwaka 1888 ukanda huu wa kusini mwa Umba ukakodishwa kwa kampuni ya Wajerumani, vita vya Abushiri vikawaka Pangani na Bagamoyo, yeye mwenyewe akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwaka 1890 Ujerumani ikaununua kwa marki milioni 4. Hakuna Mdigo wala Msegeju aliyesaini chochote. Na bado mwaka 1964, Cairo, viongozi wa Afrika wakaazimia mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Dola inayosema "juu yangu hakuna sheria" inasimama juu ya mipaka iliyowekwa na sheria ya wengine.

Sikilizeni pia alichofanya Nyerere, kwa sababu kinajibu swali la kujitoa vizuri kuliko wanafalsafa wengi. Novemba 1961, siku chache kabla ya Uhuru, aliliambia Bunge kwamba Tanganyika haitarithi mikataba ya Mwingereza kama mtoto anavyorithi deni la baba. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kwa miaka 2, hadi 8 Desemba 1963, ichunguzwe mmoja mmoja. Ambao haukukubaliwa upya ungekufa, *isipokuwa* ile ambayo kwa kanuni za desturi ya kimataifa ingedumu hata hivyo. Kwa njia hiyo makubaliano ya maji ya Nile ya 1929 yakakataliwa mwaka 1962, na mipaka ikabaki. Oneni ustadi wake: anakataa mikataba kwa kutumia sheria ya mataifa, na anaiachia sheria hiyohiyo iamue kipi hawezi kukikataa. Hakutupa ubao. Alicheza.

Kinyume chake ni Sheria ya Mamlaka ya Kudumu ya Nchi juu ya Maliasili ya 2017, ambayo kifungu cha 11 kinakataza mamlaka hayo kujadiliwa katika mahakama au baraza lolote la nje. Naelewa hasira iliyoizaa, na sehemu ya hasira hiyo ni halali. Lakini Ibara ya 27 ya Mkataba wa Vienna wa 1969 inasema nchi haiwezi kuleta sheria yake ya ndani kama udhuru wa kutotimiza mkataba, na ridhaa ya usuluhishi iliyokwishatolewa ndani ya mkataba wa uwekezaji haifutwi na kifungu cha Dodoma. Halafu lile neno lenyewe, mamlaka ya kudumu juu ya maliasili, limejengwa juu ya azimio namba 1803 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Desemba 1962. Ukuta wa kuzuia sheria ya nje umejengwa kwa matofali ya sheria ya nje.

Robota, ulipogusa uhalali umegusa penyewe, ila usiwaachie wa benki peke yao lawama. Jiulize nani aliutunga Mkataba wa Jumuiya na mwenye shamba wa Chongoleani alisikia lini kwamba ana miezi miwili. Kanuni ya muda ambayo mtu haijui hadi imemla ni sheria kwa maana ya Hart, sawa. Kwa maana ya Kant, ya kwamba anayefungwa awe anaweza kuikubali kama yake, nina mashaka.

---

Chumbageni_Kwetu

Mwalimu, shikamoo, hilo la bao nimelipenda na nitalipeleka barazani kesho. Swali la mwisho kwa Karani: jaji wa Mahakama Kuu hapa Tanga akikuta sheria ya Bunge inagongana na Mkataba wa Jumuiya, afuate ipi?

---

Karani_wa_Masijala

Kwa maandishi ya Mkataba: Ibara ya 8(4) inasema sheria za Jumuiya zitangulie zile za ndani katika mambo ya utekelezaji wa Mkataba, na 33(2) inasema tafsiri ya Mahakama ya Jumuiya itangulie ya mahakama za nchi. Kwa maandishi ya Katiba yetu: mikataba inaridhiwa na Bunge kwa Ibara ya 63(3)(e), na Katiba ndiyo yenye nguvu ya mwisho kwa Ibara ya 64(5). Bunge lilitunga sheria ya Mkataba wa Jumuiya mwaka 2001, kwa hiyo Mkataba umeingia ndani, ila uliingia kupitia mlango wa Bunge. Maandishi haya mawili kila moja linajiona la juu. Hakuna wa tatu wa kuwaamua, na wanaotafuta jibu moja safi hapo wanajichosha.

Kwa vitendo wakili ana hatua tatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza aombe tafsiri inayopatanisha. Mfano wake wa nyumbani ni Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliliuza kwa shilingi 300,000, mwanaukoo akapinga kwa mila kwamba mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya alisoma katazo la ubaguzi la Katiba pamoja na mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeridhia, akaipa uhai mauzo yale. Mkataba haukuhitaji askari wala sheria mpya. Ulihitaji jaji aliyekubali kuusoma. Pangani_Mtoni, hapo ndipo ninapotofautiana na wewe: hukumu ya kabatini haifi siku inapopuuzwa na serikali. Inakufa siku mawakili wanapoacha kuitaja.

Pili, kama tafsiri haitoshi, aombe jaji apeleke swali Arusha kwa Ibara ya 34. Mahakama Kuu ya Uganda ilifanya hivyo, jibu likatoka 2015. Njia hii haitumiki sana, na kosa la kawaida ni kuiomba kama rufaa. Swali liwe la tafsiri ya ibara fulani ya Mkataba, ukweli wa kesi ubaki mezani kwa jaji, na uoneshe kwamba bila jibu hilo hawezi kuhukumu.

Tatu, iwapo jaji atakataa yote mawili, mhusika anabaki na Ibara ya 30, na tumekwishaona saa inavyokimbia.

Kuhusu ulichouliza Pangani juu ya kurudi na hukumu: Ibara ya 38(3) inaitaka nchi itekeleze bila kuchelewa. Amri ya kulipa fedha ina Ibara ya 44, inatekelezwa kwa utaratibu wa madai wa nchi husika, kwa hiyo kumbe dalali yupo, ni huyuhuyu wa kwetu. Amri ya kubadili sheria haina dalali. Machi 2019 Mahakama iliona vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba. Bunge lilirekebisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo 2023. Miaka minne. Hesabu hiyo mweleze mteja kabla hajakulipa.

Na kwa wa Chongoleani na Mkinga, jambo moja la kufanya leo kabla ya falsafa: kila tangazo linalobandikwa ofisi ya kijiji au mtaa lipigwe picha pamoja na tarehe yake, na muhtasari wa mkutano ambao uamuzi ulisomwa uombwe nakala yenye muhuri. Bishano la kwanza Arusha litakuwa ulijua lini.